Bastola ya marehemu baba: niipige tupa mwenyewe, au nimpe fundi?

Barua

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka 53, na ninaishi katika komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Naomba jina langu lisitajwe. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Maisha yangu yote nimekula kwa chuma. Nilifanya kazi ya ajistaji, yaani fundi wa kulinganisha vipande vya chuma, katika Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa miaka kumi na minne, kisha nikafungua atelie ndogo nyuma ya nyumba, ambako natengeneza ekseli za mikokoteni, pampu za maji, vinu vya mahindi na chochote ambacho wengine wamekikatia tamaa. Nina jiliwa, nina mashine ya kukerezea niliyoinunua ikiwa imechakaa nikaifufua mwenyewe, na nina tupa ambazo haziguswi na mkono wa mtu mwingine. Sikuambii haya kwa kujisifu. Ndiyo mzizi wa shida yangu.

Baba alitutoka mwaka jana. Alikuwa karani tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, na mwaka 1967, kampuni ilipoingia mikononi mwa serikali na Wabelgiji wengi wakafunga mizigo, mkubwa wake wa kazi alimwachia bastola ya silinda. Baadaye baba aliitafutia kibali. Karatasi hiyo tunayo, ina jina lake, picha yake na muhuri uliofifia. Sikuwahi kumwona akiifyatua. Kila tarehe mosi Januari, asubuhi kabla wageni hawajafika, aliitoa katika kopo la biskuti, akafungua kitambaa cha kitenge, akaipangusa kwa mafuta ya cherehani, kisha akairudisha. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama, mikono ikiwa nyuma.

Sasa kopo liko kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Pamoja na bastola zimo risasi kumi na moja zenye kutu ya kijani. Juu ya mtutu hakuna jina la kiwanda, ila kwenye silinda kuna alama ya umbo la yai yenye herufi E, L, G na nyota, na taji juu yake. Ubavuni mwa mtutu imechongwa namba 38.

Bastola ni mgonjwa. Ukivuta kifyatulio polepole silinda inazunguka, lakini katika matundu mawili kati ya sita nyundo inaanguka kabla komeo linaloisimamisha silinda halijaingia mahali pake, kwa hiyo tundu halitazamani sawasawa na mtutu. Nimeyawekea alama ya chaki. Silinda yenyewe inacheza mbele na nyuma: ukiisukuma nyuma, nafasi kati yake na mtutu ni milimita 0.35; ukiivuta mbele, ni 0.15. Tena kifyatulio ni kizito mno, nami nilifikiri kupunguza springi na kupiga tupa kidogo pale nyundo inaposhikwa.

Mwezi uliopita nilijaribu. Nililegeza skrubu, na kwa kuwa bamba la ubavuni lilikataa kutoka, nililichokonoa kwa bisibisi. Lilitoka, na likabaki na kovu pembeni. Nilipovuta kipande kimoja cha ndani, springi iliruka, ikagonga sufuria, ikapotelea chini ya gunia la unga. Nilikuwa nimelala kifudifudi na tochi mdomoni mke wangu alipoingia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Ukishaitengeneza, utaifyatua wapi ili ujue imepona?” Springi niliipata. Jibu sikulipata.

Mdogo wangu ana shamba la mahindi upande wa barabara ya Kasumbalesa. Msimu huu wezi wamemtembelea mara mbili usiku, nao mlinzi wake alikimbia. Anasema silaha ya familia haina kazi ndani ya kopo la biskuti, na kwamba mimi, mwenye mikono ya chuma, ninaona haya kazi ya siku moja. Upande mwingine, jirani amenipa namba ya bwana mmoja anayewatengenezea wawindaji bunduki zao. Nilimpigia. Kabla sijamaliza kueleza alisema, “Leta tu, baba, siku mbili, dola mia moja.” Dola mia moja kwangu ni mzigo wa mahindi wa miezi, na tena sijui kama itarudi, au kama nitakayemkuta mlangoni siku ya kuichukua ni yeye au ni polisi.

Mama, nifanye mwenyewe kazi ambayo moyoni najua naiweza, au nimkabidhi mtu ambaye simjui kitu ambacho baba hakumkabidhi yeyote?

Mwana wa karani, Katuba

Jibu

Mwana wa karani,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya mtu anayeyajua mambo haya, maana ujuzi wangu mimi wa chuma unaishia kwenye pasi na sufuria. Ni mzee aliyesomea ufundi wa silaha Liège, huko Ubelgiji, na siku hizi amestaafu na hapokei kazi. Nakuambia mapema ili usiniombe namba yake. Ya vyuma nitakayoyasema hapa ni yake. Mengine ni yangu, na lawama zake ni zangu.

Kama nimekuelewa vizuri, unauliza ni mkono wa nani uiguse bastola hii: wako, unaoujua, au wa bwana wa siku mbili, usiyemjua. Lakini ndani ya swali hilo naona kuna jingine ambalo umeshalijibu bila kulitamka, kwamba ni lazima bastola ipone. Tuliweke hilo kando kidogo, nitalirudia.

Nilipofika kwenye matundu yako mawili na alama za chaki, mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, “Huyu ni fundi.” Hata vipimo vyako alivipenda. Akaeleza kwamba nafasi kati ya silinda na mtutu kwa kawaida huwa kama milimita 0.10 hadi 0.20, kwa hiyo wewe mwenyewe umeshaupima ugonjwa bila kufundishwa na mtu. Kisha akauliza swali lililoninyamazisha: “Sasa anataka kupiga tupa nini?” Kidole kile cha ndani kinachosukuma silinda kimelika, au meno ya nyuma ya silinda yamelika, au yote mawili, ndiyo maana silinda inachelewa. Ugonjwa huo ni upungufu wa chuma, baba, na tupa hupunguza. Wapo wanaokigonga kidole kwa nyundo ili kirefuke kidogo, lakini urefu wa kugongwa haukawii kurudi ulikotoka. Tiba ni kidole kipya, kitengenezwe kikiwa kinene kuliko haja, kisha kipunguzwe pole pole huku kikijaribiwa kwenye kila tundu, kwa kuwa jino moja likikaa sawa, la jirani huenda limeshapitiliza.

Hapo ndipo ile alama ya yai inapoingia. Herufi E, L, G na nyota ni muhuri wa ofisi ya Liège ya kupima silaha, ambayo asili yake ni amri ya mwaka 1672. Taji liliongezwa mwaka 1893. Maana yake ni kwamba kabla ya kuuzwa, bastola hii ilifyatuliwa kwa shindilio la baruti kubwa kuliko la kawaida ili ionekane kama itapasuka. Haielezi nani aliitengeneza. Mzee anasema Liège ya zamani ilikuwa na mafundi wengi waliofanyia kazi majumbani mwao, huyu silinda, yule mtutu, mwingine nyundo, na kila kipande kilikaziwa kwa mkono mahali pake ndani ya silaha ile ile moja. Bastola mbili zilizofanana kama mapacha zingeweza kukataa kuazimana kidole. Kwa hiyo hakuna duka, si Lubumbashi wala Liège kwenyewe, litakalokuuzia kipuri cha bastola isiyo na jina. Yeyote atakayeitengeneza atalazimika kukichonga. Hili linakusaidia na kukuumiza. Linakusaidia kwa sababu kuchonga unajua. Linakuumiza kwa sababu ukikosea mara moja, hakuna cha pili.

Umesema pia kwamba kifyatulio ni kizito na ungepiga tupa pale nyundo inaposhikwa. Katika hili mzee aliacha kutabasamu. Katika bastola nyingi za zamani, nyundo na kifyatulio vimetiwa ugumu kwenye ngozi tu, kama yale meno ya gia uliyoyashughulikia karakana, ambayo juu ni magumu na ndani ni laini ili yasivunjike. Wewe unajua kinachotokea ukiikwangua ngozi hiyo: siku ya kwanza kitu kinateleza vizuri ajabu, mwezi wa tatu kimelika. Tofauti ni kwamba gia ikilika, kinu kinasimama, mama wa unga anakutukana, basi. Mshiko wa nyundo ukilika, nyundo iliyoinuliwa inaweza kuanguka bila kidole cha mtu kugusa kifyatulio. Na springi ukizipunguza kupita kiasi, nyundo inakosa nguvu ya kupiga fataki, ile kofia ya kitako cha risasi inayowasha baruti, kwa hiyo siku moja inagoma na siku nyingine inakubali, jambo ambalo ni baya kuliko kugoma siku zote.

Alinisimulia kisa kimoja nikuandikie. Mwaka 1944, katika meli ya kivita ya Marekani, bastola ya Smith & Wesson ilianguka kwenye sakafu ya chuma, ikafyatuka yenyewe, ikamuua baharia. Kiwanda hicho kilikuwa na mafundi hodari na vipimo vya kila namna, na bado ililazimu kubuni upya kile kipande kidogo kinachoizuia nyundo isifikie fataki mpaka kifyatulio kivutwe. Bastola za zamani za mafundi wa majumbani mara nyingi hazina kizuizi kama hicho kabisa. Na zile zilizo nacho, anasema, mtu akiifungua na kuirudishia akakisahau kipande hicho mezani, bastola itafanya kazi vile vile bila kulalamika. Ndiyo maana ile springi iliyokimbilia chini ya unga ilinishtua kidogo. Uliipata kwa sababu uliiona ikiruka. Kitu ambacho hukukiona kikitoka, utakitafuta wapi?

Kuhusu lile bamba, nimeambiwa nikupe pole, kisha nikuambie kwamba wenye kazi hawalichokonoi. Hulegeza skrubu kwa bisibisi iliyonolewa kutosha mfereji wake barabara, kisha hugonga mwili wa bastola taratibu kwa mpini wa mti mpaka bamba linyanyuke lenyewe kwa mtikisiko. Hili si jambo kubwa, na kovu dogo halimuui mtu. Nalitaja kwa sababu wewe, ambaye katika kinu cha mahindi ungeligundua hilo kwa dakika moja, hapa hukuligundua. Chuma unakijua, naam. Lakini na desturi za kitu hiki ndiyo kwanza mnafahamiana.

Sasa na mimi nikuulize juu ya huyo bwana wa dola mia moja, kwa maana barua yako inamwita fundi, na mimi sijaona bado sababu ya kumpa jina hilo. Simdharau. Katika nchi yetu wapo watu wanaofua magobori ambayo wawindaji hulala nayo porini, na mikono yao ni ya heshima. Lakini gobori ni mtutu mmoja, shindilio moja, tundu moja. Silinda yenye matundu sita yanayotakiwa kusimama kila moja mbele ya mtutu ule ule ni kazi nyingine. Kilichonitia mashaka zaidi ni kwamba alitaja bei na siku kabla hajauliza ni bastola gani. Wewe mwenyewe, mtu akikupigia simu kwamba pampu yake haivuti maji, unamwambia siku mbili? Au unamwambia ailete kwanza uifungue?

Nilimuuliza mzee anamtambuaje fundi wa kweli. Nilitarajia atanitajia mashine. Akasema: ni yule anayeweza kukurudishia silaha yako na kukuambia, “Hii mimi siigusi, wala wewe usiifyatue tena.” Alikofanyia kazi yeye, alisema, sehemu kubwa ya ujira wake ilikuwa kukagua na kukataa. Fundi wa namna hiyo anazo geji za kupimia matundu, anacho kijiti cha kupitisha katika mtutu kuona kama kila tundu limenyooka nao, na silaha aliyoitilia shaka haifyatulii mkononi: huifunga kwenye jiliwa, huvuta kamba akiwa upande wa pili wa ukuta. Tena anaruhusiwa na sheria kuwa nayo, na kazi yake anaiandika kwenye daftari. Ukimpigia tena yule bwana, huna haja ya kubishana naye. Mwulize tu anafanyia wapi jaribio la kwanza, na karatasi gani atakupa siku utakapomwachia bastola. Atakavyojibu, au atakavyokata simu, utajua.

Lipo jambo la ile namba 38, ambayo hutaja ukubwa wa risasi. Wewe umeandika kana kwamba ni kipimo kimoja. Zipo risasi zaidi ya moja zinazobeba jina hilo: ile ya zamani ya Smith & Wesson ni fupi na nene kidogo, na ile iitwayo Special ni ndefu zaidi, nyembamba kidogo, na yenye nguvu zaidi. Silinda iliyotobolewa moja kwa moja bila ngazi ya ndani inaweza kuipokea ile isiyo yake, na mtu akafikiri kwamba kwa kuwa imeingia basi imekubaliwa. Mzee anaomba pia utafute, kwa miwani na mwanga wa jua, alama nyingine: simba mdogo mwenye herufi PV chini yake. Hiyo ndiyo iliyogongwa kwa silaha zilizojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Isipokuwepo, huenda bastola ya baba ilipimwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu, na mtu akiipakia risasi za leo anaiomba nguvu ambayo haikuwahi kuahidi.

Na zile risasi kumi na moja? Wewe ni mtu wa Katanga, kutu ya kijani ya shaba sina la kukufundisha. Ganda la risasi ni shaba na zinki, na likishaliwa halina nguvu ya kujishikilia. Lakini hatari kubwa si risasi itakayogoma. Ni ile ambayo baruti yake imedhoofika, ikasukuma kipande cha risasi hadi katikati ya mtutu kikakwama, mtu akasikia mlio mdogo, akavuta tena. Usizijaribu, usizifungue katika atelie, usizitupe kwenye jalala wanakookota watoto. Zitenge na bastola, katika kasha jingine lenye kufuli, na ziwe sehemu ya mazungumzo yatakayofuata na wenye mamlaka.

Maana mazungumzo hayo, baba, sioni jinsi ya kuyakwepa, hata kama najua yanakuogofya kuliko kidole na komeo. Silaha katika nchi yetu zina sheria yake tangu tarehe 3 Septemba 1985, na kibali hutolewa kwa jina la mtu. Mtu huyo amelala makaburini. Kwa hiyo, nikisema ukweli, hivi sasa hakuna fundi wa halali anayeweza kuipokea bastola hii kutoka mikononi mwako kwa moyo mweupe, na hata wewe ukiitengeneza kwa ustadi wa malaika, utakuwa umeitengeneza silaha isiyo na mwenyewe. Usiibebe kuipitisha mjini ikiwa kiunoni au ndani ya mfuko wa soko. Ibaki nyumbani imefungwa, bila risasi. Mtafute kwanza mwanasheria, mwonyeshe karatasi ya baba na cheti cha kifo, naye aulize kwa niaba yako warithi wanatakiwa kufanya nini. Hatari zipo: inaweza kuchukua miezi, inaweza kugharimu zaidi ya zile dola mia moja, na inawezekana jibu likawa kwamba isalimishwe. Najua neno hilo litakavyokuchoma. Lakini linganisha na siku ambayo mtu mwingine atalifungua hilo kopo kabla yako, akiwa amevaa sare.

Juu ya mdogo wako sitakuwa na maneno mengi, kwa kuwa hakuniandikia yeye. Ana haki ya kuogopa. Mtu aliyeibiwa mavuno mara mbili hatulizwi kwa methali. Ila naomba umkalishe chini umwonyeshe zile alama za chaki. Matundu mawili kati ya sita. Usiku, mbele ya watu asiowajua idadi, atakuwa na kitu kinachomtambulisha kama mwenye silaha lakini kisichomtii, na asubuhi yake, hata akishinda, ataulizwa kibali. Labda pesa za fundi na za vipuri zingetosha sehemu ya mshahara wa mlinzi wa pili, mbwa, na taa. Hayo mtayapima ninyi.

Narudi kwenye lile tuliloliweka kando. Umeniletea njia mbili, mkono wako au mkono wa mwingine, na zote zinaishia kwenye bastola inayofyatuka. Je, baba yako aliihitaji ifyatuke? Katika barua nzima, sehemu niliyoiona kwa macho ni ile ya Januari mosi, kitambaa cha kitenge, harufu ya mafuta ya cherehani, na watoto wenye mikono nyuma. Yawezekana hata yeye alikuwa akijua kuhusu yale matundu mawili. Ipo njia ya kuiacha kama ilivyo, sheria ikikuruhusu, ikipanguswa na kufungiwa. Ipo njia ya kumpa fundi aliyeidhinishwa aizibe isiweze kufyatua tena maisha, ikabaki kumbukumbu. Lakini hiyo hairudi nyuma, na kwa macho ya mwizi au askari bastola iliyozibwa inatisha sawa na nzima. Na ipo njia ambayo mikono yako inaidai, nami siidharau: ukishapata karatasi kwa jina lako, na ukampata fundi wa kweli, unaweza kumwomba akague yeye na kuamua yeye, na wewe umchongee kile kidole mbele ya macho yake. Mzee wangu aliposikia hilo alinyamaza kitambo, kisha akasema angependa kumwona mtu huyo akifanya kazi. Hakusema angeipokea bastola.

Siwezi kukuchagulia. Wewe ndiye uliyeachiwa kopo, na kuna mambo kati yako na baba yako ambayo barua haiwezi kuyabeba. Lakini kabla hujafungua tena skrubu hata moja, kaa na mke wako umjibu. Hakuuliza kama unaweza. Nadhani hajawahi kuitilia shaka mikono yako hata siku moja, naye ndiye anayepika unga unaosagwa na vinu vyako. Aliuliza utaifyatua wapi ili ujue imepona, na ndani ya swali hilo mimi nasikia mengine: nani atakayeishika, na watoto watakuwa upande gani wa ukuta. Nami sijaona bado katika Katuba yote uwanja wa kumjibia.

Tazama chini ya silinda mchana kweupe. Ukimwona yule simba, niandikie. Usipomwona, niandikie pia.

Mama Mshauri